Ushahidi Uliotoa Povu

Afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjamsikia Baba Happy, maana mume wangu huyu habari hii ameshaizungusha vilabu vyote vya mbege, pombe yetu ya ndizi, na katika masimulizi yake mimi nilikimbia nikipiga mayowe mpaka barabara ya lami, jambo ambalo ni uongo mtupu, sikufika lami. Kuaibika niliaibika, hilo sikatai. Niliaibika mbele ya wazee ninaowauzia pombe, mbele ya akina mama wa jumuiya ninaowaongozea rozari, mbele ya mwenyekiti ambaye nilikuwa nimemwambia wiki hiyo hiyo kwamba yeye ni mtu wa kudanganyika kirahisi, na mpaka leo nikipita na ndoo yangu kuna mtu lazima aniulize kama mbege ya leo inaunguza.

Kwanza mnijue. Mimi nina ugonjwa wa kushuku, nao sijaurithi kwa jirani, nimezaliwa nao Kibosho (chekeni tu, nawaona). Nikienda soko la Kwa Sadala kununua ndizi za pombe nageuza kila chane juu chini, na muuzaji akinichekea nageuza tena. Mtu akiisifia mbege yangu kabla hajaigusa, najua ana shida. Hata Baba Happy akirudi nyumbani mapema bila sababu simpi chakula mpaka nijue kwa nini. Kwa hiyo wenzangu waliponiweka kwenye kamati ya mfongo, yaani ule mfereji wetu wa asili unaoshusha maji kutoka mlimani mpaka huku tambarare, njia ya kwenda Kahe, walijua wanamweka nani. Walitaka mtu wa kushuku, wakampata.

Sasa juu yetu kidogo kuna kiwanda cha kutia rangi nguo. Miaka yote maji yake yalitoka na rangi, yakapita kwenye mtaro wao yakaishia porini, na sisi tukiutazama mtaro tulijua leo wanatengeneza nini, ukiwa mwekundu, ukiwa kijani, ukiwa rangi ya zambarau. Mwaka huu wakaja na habari kwamba wamejenga mtambo mpya wa kusafisha maji, wa kisasa, na kwamba badala ya kuyamwaga porini wako tayari kutuachia tuyaingize kwenye mfongo wakati wa kiangazi, bure, mradi sisi watumiaji tukae mkutano tukubali. Bure! Nilipolisikia hilo neno nikashika kiuno. Kiwanda kitoe kitu bure?

Lakini kulikuwa na Mama Upendo. Huyu ni mjane, shamba lake liko mwisho kabisa wa mfongo, kule ambako kiangazi kikikaza maji hayafiki, yanalambwa na mashamba ya juu likiwemo la kwangu. Alikuja nyumbani jioni moja, akakaa kwenye kigoda, hakutaka hata kata ya mbege.

"Mama Happy, maharage yangu yametoa maua," akaniambia. "Yakikosa maji sasa hivi maua yanapukutika, sina kitu tena mwaka huu. Wewe watu wanakusikiliza. Nenda kwenye hicho kiwanda uangalie. Kama ni maji, tuyachukue. Kama si maji, niambie nijue moja."

Nikamwahidi. Nikamwambia niachie mimi, hakuna mtu wa kunidanganya mimi kwenye hii dunia. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Basi siku ya kutembelea ikafika, maana kiwanda chenyewe ndicho kilichotualika majirani tukaone (hilo nalo lilinitia wasiwasi, tangu lini mtu mwenye kificho akakukaribisha stoo?), nikavaa kitenge changu cha bluu cha kikundi, nikabeba kikapu na chupa yangu ya maji ya kunywa, nikaenda. Aliyetupokea ni injinia, kijana mwembamba mwenye miwani, jina lake Elia, mtu wa Rombo. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, tukatembea kidogo akaniamkia tena. Jamani, kijana wa siku hizi akikuamkia mara mbili ana jambo. Nikamweka kwenye jicho la pembeni.

Akatuonyesha tangi la kwanza, maji ya rangi yanaingia, ya zambarau, mazito, yananuka. Akatuonyesha tangi la katikati, lina mapovu mapovu. Akatuonyesha la mwisho, na humo, haki ya Mungu, maji yalikuwa meupe unaona chini. Mimi nimechuja mbege maisha yangu yote, najua kuchuja ni nini, na sijawahi kuchuja kitu kikageuka namna ile.

"Mmechuja na nini?" nikamuuliza.

"Hatuchuji mama. Rangi hii haichujiki, imeyeyuka humo humo kwenye maji. Tunachofanya, tunatia chuma kidogo kilichoyeyushwa, halafu tunatia dawa. Vikikutana vinazaa kitu chenye njaa kali sana. Hicho ndicho kinaila rangi, kinaivunjavunja mpaka haipo."

"Kitu gani hicho? Tukione."

"Hakionekani kwa macho, mama."

"Nikija kesho asubuhi nitakikuta?"

"Hapana," akasema kijana wa watu, tena kwa upole kabisa, "kinaishi muda mfupi mno. Hata kupepesa jicho ni muda mrefu kwake. Kikizaliwa kinakula, kinaisha."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Moyoni nikasema, Elia mwanangu, hata mimi ningekuwa na kitu cha kuficha ningesema hivyo hivyo, kwamba kina njaa, hakionekani, na kimekufa kabla hujafika.

Hapo ndipo shetani aliponipa haja ndogo. Nikauliza choo kiko wapi, wakanielekeza nyuma ya stoo, na nyuma ya stoo, kwenye kivuli, nikakuta mapipa ya bluu yamepangwa, mazuri, mapya. Kuna mfanyakazi alikuwa anavuta kitu kwa pampu ya mkono anaweka kwenye jagi la plastiki, akaitwa, akaliacha jagi pale akaondoka. Nikasogea. Nikachungulia. Maji. Meupe peee. Nikainama nikanusa, hakuna harufu yoyote ya maana.

Wenzangu, akili yangu iliruka kama kuku aliyeona kicheche. Kumbe! Kumbe hawasafishi chochote! Wanachota maji ya chemchemi huko juu mlimani, wanayaleta kwa mapipa, wageni wakija wanayajaza kwenye tangi la mwisho, na yale ya zambarau wanayapitisha kusikojulikana! Na kuna wakati nilijiuliza mbona hili pipa lina picha, nikaitazama ile picha, ni mkono na matone yanadondokea juu yake, nikasema si ndiyo hiyo, maji ya kunawa mikono, picha hizi tulizizoea tangu wakati wa ule ugonjwa, ziko mpaka kwenye mlango wa kanisa. Kulikuwa na picha nyingine, duara linawaka moto juu, hiyo nikaielewa mara moja, ni jua, maana yake yawekwe kivulini, na kweli yalikuwa kivulini. Kila kitu kilikubaliana na mimi. (Mkiona siku moja kila kitu kinakubaliana na ninyi, kaeni chini kwanza.)

Nikamwaga maji yangu ya kunywa, nikamimina ya kwenye jagi mpaka chupa ikafika nusu, nikafunga, nikatumbukiza kikapuni. Sikumwaga hata tone, mimi ni mtu wa kumimina tangu nikiwa msichana. Nikarudi kwa wenzangu, nikamshukuru Elia, nikamwita mwanangu. Wala choo sikwenda.

Nyumbani chupa nikaificha mvunguni. Asubuhi Baba Happy akatafuta ndala zake mvunguni huko akaibuka nayo mkononi.

"Mama Happy, hii chupa mbona imevimba?"

Nikaitazama, kweli ilikuwa na tumbo. Nikalegeza kifuniko, ikafanya fyuuu.

"Maji gani yanahema?" akauliza.

"Ni joto la humu ndani. Hata soda inafanya hivyo."

"Soda ina gesi. Maji hayana gesi. Wewe umeyatoa wapi haya?"

Nikamweleza, kwa sababu nilikuwa naungua kumweleza mtu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akasema jambo ambalo siku hiyo nililiona la kijinga kuliko yote aliyowahi kusema tangu anioe: "Si urudi ukamuulize yule kijana tu, haya ya kwenye mapipa ni nini?"

"Niende kumuuliza mwizi kama ameiba?" nikamjibu. "Atasema ndiyo?"

Akavaa ndala zake akaondoka. Mimi nikaitoa chupa nje kwenye kivuli cha banda, nikaacha kifuniko kimelegea, nikaanza kutunga hotuba.

Mkutano ulikuwa siku ya msaragambo wa mfongo. Mnajua utaratibu wetu, asubuhi watu wote tunaingia mferejini na majembe na mapanga, tunatoa tope, tunakata majani, tukimaliza tunakaa pale kwenye lango la kugawia maji, pombe inazunguka, na mambo yanazungumzwa. Pombe ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeipika kwa makusudi, imeiva vizuri, inachemka yenyewe kwenye pipa unaisikia. Mwenyekiti wetu Mzee Aloyce alikuwa amekaa kwenye jiwe lake, Mama Upendo amekaa mbele kabisa na miguu ina tope, na Elia amesimama kwenye jua na koti lake jeupe anaeleza habari ya maji. Alieleza vizuri, lazima niseme kweli. Akasema maji haya ni ya kumwagilia, si ya kunywa. Akasema wakiruhusiwa wanayafungulia hata kesho yake, na kwamba kwa wingi wake yanafika mpaka shamba la mwisho. Hapo Mama Upendo akanigeukia akanitazama, macho yanauliza.

Nikasimama.

"Mwenyekiti, naomba kusema."

"Hata nikikataa utasema," akajibu Mzee Aloyce, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu nilijua baada ya dakika chache nani atakuwa anacheka.

Nikatoa chupa kikapuni nikaiinua juu kila mtu aione. Nikachukua kata iliyokuwa imetoka kuzunguka, ina machicha yake chini, sikuona sababu ya kuisuuza kwa ajili ya mtu mwongo, nikasogea mpaka mbele ya Elia, nikaimiminia kidogo, nikamnyoshea.

"Injinia, haya ni maji yako, nimeyatoa kiwandani kwako kwa mkono wangu. Kunywa, tukuone."

Kijana akatabasamu. Bila shaka alidhani nimeyachota kwenye tangi la mwisho siku ile.

"Mama, nimesema si ya kunywa. Na hata ingekuwa mbege hiyo," akasema, akawageukia wazee kwa utani, "mimi ni Mrombo, kwetu anayetoa kata ndiye anayeonja kwanza."

We! Watu wakaangua kicheko, wazee wakapiga mapaja. Maana hiyo si ya Rombo peke yake, ni yetu sote. Huwezi kumpa mtu kata kabla hujainywa mbele yake, aone hujamtilia kitu. Mimi mpika pombe kila siku ya Mungu nafanya hivyo, mteja hagusi mpaka nimeonja. Na sasa nilikuwa nimemnyoshea mgeni kata kavu kavu, mbele ya kijiji kizima.

"Aonje!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Aonje! Aonje!"

"Hapana jamani, ni utani tu," Elia akasema, lakini nani alimsikia.

Na mimi nilifurahi, nawaambia. Nilikuwa na uhakika kwamba ni maji ya chemchemi. Nikasema nayanywa yote, halafu nawaambia yametoka kwenye pipa, tuone injinia ataficha wapi sura yake. Nikaipeleka kata mdomoni. Ila kama mnavyonijua siwezi kufanya jambo bila kulisemea, nikaishusha kidogo nikaanza, "Ndugu zangu, nataka mjue kwamba haya ninayokunywa mimi..." na wakati nasema nikasikia kata inapata joto mkononi. Nikaendelea. Nikasikia inatoa sauti, shshshsh, kama mafuta yanapoona kitunguu. Nikatazama chini.

Lilikuwa povu. Lilikuwa linapanda kutoka kwenye machicha, jeupe, nene, linatoa mvuke, linajaza kata, linamwagika pembeni, na mimi nimesimama nalitazama mdomo wazi kwa sababu povu la mbege nalijua, ila la mbege huwa haliji kwa haraka hivyo na wala haliunguzi.

"Mama usinywe! Tupa! Tupa hiyo!"

Sijawahi kumsikia mtu mpole akipiga kelele namna ile. Aliruka akaipiga kata ikaenda kule, lakini povu lilikuwa limeshanimwagikia mkono wote wa kulia na upande wa kitenge, na hapo ndipo moto ulipoanza. Mae! Mae wee! Ni kweli nilipiga mayowe, ni kweli nilikimbia, lakini nilizunguka pipa la pombe tu, nikamkanyaga Mzee Aloyce, Elia akanidaka akanitumbukiza mferejini mzima mzima na kitenge changu, akaushika mkono wangu akauzamisha kwenye maji yanayotembea.

"Usiutoe. Maji mengi, mama. Usiutoe."

Nikautazama mkono wangu ndani ya maji. Vidole vilikuwa vyeupe. Vyeupe kama chokaa, jamani, mimi mweusi huyu. Mama mmoja wa jumuiya alipoviona akaanza Salamu Maria kwa sauti, mwingine akasema ameshikwa huyo, mtu mmoja mwoga akaanza kuchukua jembe lake aondoke.

Elia akainama karibu na sikio langu. "Mama, hii umeitoa kwenye mapipa ya bluu?"

Nikajifanya naangalia vidole.

"Niambie ukweli nijue cha kufanya. Hujaimeza? Hata kidogo?"

"Sijaimeza," nikasema. "Ni ya kwenye mapipa."

Akafumba macho. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ile ndiyo dawa yenyewe, ile wanayoitia pamoja na chuma, kwamba hospitali wanayo nyepesi yake ya kuoshea vidonda, lakini ya kwenye pipa ni kali kupita kiasi, na ikikutana na hamira ya pombe inachachamaa papo hapo, inachemka. Na kwamba ningemeza ile kata, tungekuwa tunazungumza habari za mazishi. Nikaanza kulia, na sikulia kwa maumivu. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeshaipeleka mdomoni, na kama si uropokaji wangu ningekuwa nimeinywa mbele ya mume wangu.

Sasa mimi nikiwa nimeinama pale mferejini, nyuma yangu mkutano ulikuwa umewaka. Watu walikuwa wameona kitu kimoja tu: maji ya kiwanda yamechemka kwenye kata na yamemuunguza Mama Happy.

"Jamani si maji yake!" nikapiga kelele nikiwa nimewapa mgongo. "Ni dawa! Niliiba dawa!"

"Ndiyo, na hiyo dawa si wanaitia kwenye hayo hayo maji?" akajibu mtu. "Kama mkono umekuwa hivyo, maharage yatakuwaje? Na ng'ombe?"

Elia akajaribu kueleza kwamba dawa ikishakula rangi nayo inaisha, lakini hakuweza kuniacha mkono, na nani wa kumsikiliza mtu anayeeleza akiwa amechuchumaa mferejini. Mzee Aloyce, kidole cha mguu kikimuuma, akasema tupige kura tumalize. Wanaokataa maji wanyoshe mikono. Niligeuza shingo nikaona msitu wa mikono. Wanaokubali?

Mama Upendo peke yake. Alisimama na tope lake miguuni akanyosha mkono juu, akauacha hapo, akiwatazama watu mmoja mmoja. Halafu akanitazama mimi. Mimi nilikuwa na mkono wa pili, mzima kabisa, uko huru. Sikuunyosha. Aibu ilikuwa imenishika mpaka nikaona nikiunyosha watacheka, na nikaogopa kucheka kwao kuliko nilivyoogopa maua yake kupukutika.

Mkono ulipona, weupe uliondoka taratibu, ngozi ikabanduka kidogo vidoleni. Kitenge ndicho hakikupona. Kilipokauka kilikuwa na baka jeupe upande mzima, rangi imeliwa yote, unaona nyuzi tu. Nikakaa nacho kitandani nikikitazama. Kile kitu chenye njaa nilichokuwa nakidai kwa Elia nikione, ndicho hicho, au ndugu yake, kimekula kitenge changu mbele ya macho yangu.

Baada ya siku chache Elia akaja kunijulia hali, akaniletea kitenge kipya kutoka kiwandani kwao, akasema mama pole, na lawama ni zetu pia, lile jagi halikupaswa kuachwa wazi. Nikakipokea. Kilikuwa kizuri. Na sasa nikafanya jambo jingine la akili: nikakivaa, siku hiyo hiyo, nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia watu kwamba tulikosea, yale maji hayana shida, tuitishe mkutano mwingine.

"Kitenge kizuri," wakaniambia nyumba ya kwanza.

"Cha wapi hicho?" nyumba ya pili.

Nyumba ya tatu hawakuzunguka. "Mama Happy, yaani wewe wa kununuliwa kwa kitenge?" Yaani mimi! Mimi ambaye nilikuwa namshuku mpaka padri akihubiri kifupi, leo napita njiani watu wananikata jicho la pembeni, lile lile langu. Nikieleza, wanatikisa vichwa kama walioelewa. Nakijua kile kichwa, ni changu. Hakuna aliyeniamini hata mmoja, na ningekuwa wao nisingeniamini.

Mwisho nilikwenda kiwandani kwa miguu yangu, kupitia getini, nikiwa na Mzee Aloyce anayechechemea, nikamuuliza Elia swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza: "Hiyo dawa inayokula rangi, ikibaki, nayo inaliwa na nani?" Akanitazama akasema, mama, hilo ndilo swali lenyewe, hata sisi ndilo linalotunyima usingizi. Akatuonyesha tangi ambalo maji yanalazwa mpaka dawa iliyobaki ivunjike, akatuonyesha vikaratasi anavyochovya vinavyobadilika rangi kama bado ipo, akatuonyesha wanavyotia chokaa chuma kikazama chini kama tope la kutu likatolewa pembeni, na bwawa la nje lenye sato wanaogelea, wanene. Mzee Aloyce akachovya karatasi kwa mkono wake mwenyewe, mara kadhaa, mahali tofauti. Hakuna aliyetuficha kitu. Ilituchukua asubuhi moja tu.

Mzee Aloyce ndiye aliyeitisha mkutano, na yeye walimwamini, kwa sababu hakuwa na kitenge. Wakakubali. Maji yakafunguliwa, yakajaa mfongo, yakashuka yakipita mashamba ya juu na la kwangu mpaka kule mwisho. Nilikuwa nayafuata pembeni kwa miguu, nikiyashuku njia nzima, siwadanganyi, nikiinama kuyanusa. Yalikuwa maji.

Nilipofika kwa Mama Upendo nilimkuta anang'oa maharage. Maua yalikuwa yameshapukutika zamani, mashina yamekauka yanakatika mkononi, anayafunga mafungu kwa ajili ya mbuzi. Maji yakaingia kwenye matuta yake yakimkuta anang'oa, yakamlowesha miguu. Nilikuwa nimechuma jani la isale njiani, kwa sababu kwetu kosa la namna hii huliombei msamaha kwa mdomo mtupu, nikampa kwa mikono miwili na magoti yangu yako kwenye tope.

Akalipokea.

"Isale nimepokea," akasema, "mila hainiruhusu kukataa, na moyoni sina kitu na wewe. Lakini Mama Happy, si ungeuliza tu?"

Akarudi kwenye maharage yake, na mimi nikaanza tuta la pili kutoka upande wa chini, tukang'oa mpaka tukakutana katikati. Kushuku sijaacha, siwezi kuwaahidi hilo, hata ninyi sasa hivi kuna wawili hapa siwaelewi wanachekea nini. Ila nimeapa, na Baba Happy ni shahidi, kwamba nikimshuku mtu nitakwenda mlangoni kwake, nigonge, nimuulize.